Mfalme Asiye na Farasi

Wapo wanaodai kwamba kichekesho ni sanaa duni, nacho hufa mara watazamaji watokapo ukumbini. Filamu ya Kiingereza iitwayo Monty Python and the Holy Grail, iliyotolewa mwaka 1975, yatosha kuyapinga madai hayo. Ingali ikitazamwa, na mwaka 2005 tamthilia ya nyimbo iliyotokana nayo, Spamalot, ilianza kuonyeshwa Broadway, New York. Hatuna budi kujiuliza sababu.

Filamu yahusu Mfalme Arthur wa visakale vya Uingereza, anayezunguka nchini akitafuta mashujaa wa kumfuata. Waliyoitunga ni wasanii sita, nao ndio walioigiza sehemu nyingi, kila mmoja akivaa sura kadhaa. Fedha zilikuwa chache, wala farasi hawakupatikana. Basi mfalme aenda kwa miguu akirukaruka kama mpanda farasi, na mtumishi nyuma yake agonganisha vifuu viwili vya nazi ili usikike mlio wa kwato.

Mlinzi wa ngome autambua udanganyifu huo. Lakini hamcheki mfalme. Aanza kuhoji, kwa makini kama ya mwanachuoni, nazi zimefikaje katika nchi ya baridi. Ndio ufundi wenyewe: upuuzi hutendwa kwa uso mkavu, na kicheko huachiwa mtazamaji.

Baadaye mfalme awakuta wakulima matopeni. Mama mmoja amwambia kwamba yeye hakumpigia kura. Mfalme ajibu kwamba alipewa upanga na bibi wa ziwani. Mkulima mwenziwe asema kuwa madaraka ya kutawala hutoka kwa umma, si majini. Mfalme, akiishiwa na hoja, amkamata na kumtikisa.

Hapo twafahamu maana ya vile vifuu. Enzi nayo ni mlio wa kwato pasipo farasi. Husimama maadamu wengine wanakubali kuusikia. Wazo hilo halikuchakaa, ndiyo maana na kicheko chake hakikuchakaa.

Kwa walimu na wanafunzi lipo funzo jingine. Mara nyingi michezo ya shuleni huahirishwa kwa kukosa mavazi na mapambo. Wasanii hawa walikosa farasi, wakaufanya upungufu huo kuwa kiini cha kazi yao. Walitumia kifuu, ambacho pwani yetu hufanywa upawa, kumpima mfalme.