Jamii ya Nani? Uhakiki wa Majina ya Makundi katika Wikipedia ya Kiswahili kwa Mifano ya Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2003, hupanga makala zake katika makundi yanayoitwa "jamii". Makala kuhusu Matema, kwa mfano, inaweza kuwekwa chini ya wilaya, mkoa, ziwa au utalii, na programu inayoendesha kamusi hiyo huruhusu makala moja kuwa katika makundi mengi kwa wakati mmoja. Kwa mtazamo wa haraka, kazi ya kuyapa makundi hayo majina huonekana kuwa ya ukarani tu. Makala hii inaupinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba, katika Kiswahili, kuteua jina la kundi ni uamuzi wa kisarufi na kimaana kabla ya kuwa wa kiufundi, na kwamba uamuzi huo huamua ni nani ataonekana na nani atafichika.

Bowker na Star (1999) walikwisha kuonesha kwamba uainishaji wowote huupa nguvu mtazamo mmoja na kuunyamazisha mwingine. Kyela imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu katika wilaya hiyo mipaka ya utawala, ya lugha na ya maji haifuatani. Vipengele vitatu vinahakikiwa: neno "jamii" lenyewe, viambishi awali vya nomino na a-unganifu.

2.0 Neno "jamii"

Neno "jamii" halikuteuliwa bila msingi. Kiswahili hulitumia kwa kundi la vitu vyenye asili au sifa moja, kama inaposemwa kwamba chui ni mnyama wa jamii ya paka. Panapohusika mito, milima au mazao, matumizi hayo hayaleti shida. Shida huanza panapohusika watu. Msomaji anayekutana na "Jamii:Wanyakyusa" huweza kudhani kwamba ameletewa maelezo ya watu, ilhali alicholetewa ni rafu yenye makala za lugha, mila, wasifu na mahali.

Mkanganyiko huo una athari. Katika maandishi mengi Kyela hutajwa kuwa nchi ya Wanyakyusa, na kwa wingi wa watu kauli hiyo ni sahihi. Hata hivyo, Ikombe, kijiji kilichopo kando ya ziwa karibu na Matema, ni makazi ya Wakisi, wafinyanzi ambao vyungu vyao hufikishwa kwa mitumbwi katika soko la Matema. Katika uainishaji wa Guthrie, Kikisi kina msimbo G67, pamoja na Kibena na Kikinga, ilhali Kinyakyusa ni M31. Iwapo mhariri atachukulia kwamba jamii ya Kyela kwa maana ya rafu ni sawa na jamii ya Kyela kwa maana ya watu, na kisha akaijaza kwa Wanyakyusa pekee, Wakisi wa Ikombe watakuwa wageni katika wilaya yao wenyewe. Hakuna aliyekusudia kuwatoa, lakini jina la rafu litakuwa limewatoa.

3.0 Viambishi awali na mpangilio wa alfabeti

Kipengele cha pili kinahusu mpangilio wa ndani ya kundi. Majina ya makabila ya Kiswahili huanza kwa kiambishi wa-, hivyo kundi la makabila lisiposhughulikiwa hurundika Wanyakyusa, Wakinga, Wakisi na wengine wote chini ya herufi W. Vivyo hivyo, Mto Kiwira, Mto Mbaka, Mto Lufilyo na Mto Songwe hukusanyika chini ya M. Alfabeti, ambayo kazi yake ni kumsaidia msomaji kutafuta, hapo haimsaidii chochote.

Suala hili si geni katika leksikografia ya Kiswahili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka nomino nyingi zilizonyambuliwa chini ya mizizi yake, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) iliorodhesha nomino pamoja na viambishi vyake. Njia ya kwanza humtaka msomaji ajue sarufi kabla ya kutafuta. Ya pili humpokea na neno kama alivyolisikia. Kamusi elezo ya mtandaoni inaweza kunufaika na zote mbili: jina huoneshwa kwa ukamilifu, nalo hupangwa kwa ufunguo wa shina. Kwa utaratibu huo, Wakisi hukaa chini ya K karibu na Wakinga, ambao ni majirani zao wa milimani. Ni kweli kwamba katika orodha ya Afrika Mashariki watakaa pia karibu na Wakisii wa Kenya, ambao ni watu wengine kabisa. Tahadhari hiyo inapaswa kutolewa katika sentensi ya kwanza ya makala husika, kwa kuwa herufi moja haitoshi kumlinda msomaji.

4.0 A-unganifu na suala la umiliki

Kipengele cha tatu ni kidogo kwa umbo, lakini ndicho kizito zaidi. Majina mengi ya makundi huundwa kwa a-unganifu: "Mito ya Tanzania", "Makabila ya Tanzania", "Watu wa Mbeya". Kipashio hiki hubeba maana kadhaa, zikiwamo asili, mahali na umiliki. "Watu wa Mbeya" ni waliozaliwa huko, wanaoishi huko, au wenye asili ya huko? Jina halisemi, na kila mhariri hujaza apendavyo.

Katika Ziwa Nyasa utata huo huwa wa kisiasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 hufasiriwa na Malawi kuwa uliweka mpaka kwenye ufukwe wa upande wa Tanzania, ilhali Tanzania husimamia mpaka wa katikati ya maji. Mgogoro huo ulipamba moto tena mwaka 2012 kutokana na utafutaji wa mafuta na gesi. Katika hali hiyo, kuliweka ziwa chini ya "Maziwa ya Tanzania" pekee husomeka kama madai, hata kama mhariri alikusudia kutaja mahali tu. Kuliweka pia katika makundi ya Malawi na Msumbiji hupunguza tatizo bila kuliondoa. Umbo la mahali, yaani "Maziwa nchini Tanzania", lingesema kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo lingesema kweli zaidi.

Jina la ziwa lenyewe ni suala tofauti. "Nyasa" ndilo jina lililozoeleka katika Kiswahili cha Tanzania, na kulitumia ni kufuata mazoea ya lugha. Kamusi elezo haitoi hukumu ya mpaka kwa kuliita ziwa jinsi wasomaji wake wanavyoliita, mradi makala ielekeze pia kwa anayelitafuta kwa jina la Ziwa Malawi.

5.0 Hoja ya mgawanyo wa kiutawala

Inaweza kutetewa kwamba njia salama ni kufuata mikoa na wilaya, kwa kuwa mipaka yake huthibitishwa na serikali na wahariri wa kujitolea huielewa kwa urahisi. Hoja hii ina uzito, lakini uthabiti wake ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Kyela yenyewe ilikuwa sehemu ya Rungwe. Ludewa ilitoka Mkoa wa Iringa na kuingia Mkoa mpya wa Njombe mwaka 2012. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, huku Kyela ikibaki Mbeya. Matokeo yake ni kwamba Mto Songwe wa mpakani huingia ziwani katika Mkoa wa Mbeya, Mto Songwe mwingine hutiririka kuelekea Ziwa Rukwa, na Uwanja wa Ndege wa Songwe upo Mbeya. Anayepanga makala kwa kufuata neno "Songwe" atakosea mara tatu.

Zaidi ya hayo, mgawanyo huo hukata mwambao wa Tanzania vipande vitatu: Kyela katika Mbeya, Ludewa katika Njombe na Nyasa katika Ruvuma. Wakisi wa Ikombe na ndugu zao wa mwambao wa Ludewa hutenganishwa na mkoa, ingawa wanatumia lugha moja na maji yaleyale. Upande wa magharibi, Wanyakyusa na Wangonde, ambao Guthrie aliziweka lugha zao pamoja, hutenganishwa na mpaka wa nchi. Kundi la kiutawala linahitajika, lakini halipaswi kubaki peke yake.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba majina ya makundi hubeba maamuzi ambayo sarufi ya Kiswahili huyafanya kimyakimya. Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, makala za mwambao zipangwe kwa mihimili mitatu inayojitegemea: utawala, jiografia, na watu pamoja na lugha zao. Pili, mpangilio wa ndani ufuate shina. Tatu, a-unganifu itumike pale tu ambapo aina ya uhusiano imeelezwa juu ya ukurasa wa kundi. Mapendekezo haya hayahitaji programu mpya wala fedha. Yanamhitaji mhariri ajiulize, kabla ya kuandika jina la rafu, kama mkazi wa Ikombe akilisoma atajiona ndani yake.