"Haturudi Nyuma": nani harudi, na nyuma ya nini?

Kuna ubishi umezuka hapa kambini juu ya wimbo mmoja, na kwa sababu umefika mpaka kwenye mikutano, afadhali tuuandike. Wimbo ni "Haturudi Nyuma" wa Kidumu na Juliana Kanyomozi. Vijana wa kikundi kimoja cha muziki waliuweka kwenye ratiba yao ya Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani. Wakaambiwa wautoe. Aliyewaambia hakuwa na ubaya. Alisema wageni wataufahamu vibaya, itakuwa kama kambi nzima inatangaza kwamba hairudi Burundi. Vijana wakamjibu: bana, huu ni wimbo wa mapenzi. Tangu siku hiyo kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, kanisani baada ya ibada, kila mtu ana tafsiri yake, na kila mtu anaona ya mwenzake ni ujinga.

Kwa wasomaji wetu wa mashirika ambao hawakukulia kwetu, niseme kidogo. Kidumu jina lake ni Jean-Pierre Nimbona, ni mtoto wa Bujumbura. Aliondoka wakati wa vita vya miaka ya 1990, akaishi Nairobi, na jina lake kubwa alilipatia huko, akiwa na bendi yake ya Boda Boda. Juliana ni Mganda. Wakakutana kwenye Kiswahili, lugha ambayo Kampala wengi huikwepa na ambayo Bujumbura ina kartiye zake: Buyenzi na Bwiza kwanza, halafu zingine. Kabla ya 2015 wimbo huu tulikuwa tumeshauzoea. Ulipigwa kwenye bisi, kwenye kabare, na harusi ya Buyenzi ilikuwa haiishi bila kuupiga, hata ile isiyokuwa na pesa ya kukodi spika kubwa.

Kwa sikio la kawaida, mambo ni mepesi. Mwanaume anaimba, mwanamke anamjibu, halafu sauti mbili zinaungana kwenye ahadi. Mwendo ni wa taratibu, wa watu wanaocheza wameshikana. Hakuna nchi humo ndani, hakuna mpaka, hakuna chama. Kuna watu wawili wanaoambiana kwamba walipofika wamefika. Ukimwuliza fundi cherehani wa avenyu yoyote ya Buyenzi wimbo huu unahusu nini, atakushangaa.

Basi siasa imeingilia wapi? Imeingilia mlangoni, kwenye jina. Kitenzi "kurudi" sisi wakimbizi tumekichosha. Tangu 2017, serikali za Tanzania na Burundi pamoja na HCR zilipokubaliana juu ya kurejea kwa hiari, hakuna neno tunaloulizwa zaidi ya hilo. Unarudi? Hurudi? Utarudi lini? Mwaka 2021 Mtendeli ikafungwa, na swali likazidi kuwa zito. Karatasi za ofisi hutumia "kurejea", pengine kwa kuwa linasikika kwa adabu zaidi, lakini mdomoni mwa watu ni kurudi tu. Mtu aliyeulizwa swali hilo miaka yote hii, akisikia spika inaanza na "haturudi", hangojei neno la pili.

Na neno la pili ndilo lenye kazi yote. Wimbo hausemi haturudi nyumbani, unasema haturudi nyuma. Maneno haya mawili yanakaribiana sikioni lakini hayana undugu: nyumbani imetoka kwenye nyumba, nyuma ni upande uliouacha mgongoni. Anayerudi nyumbani anafika mahali penye mlango, jiko na majirani. Anayerudi nyuma ameshindwa safari. Kirundi chetu kinatenganisha vizuri zaidi: mkimbizi anayerudi nchini kwao tunasema amefanya gutahuka, na kurudi nyuma kwa maana ya kuporomoka ni gusubira inyuma. Hakuna Mrundi atakayevichanganya viwili hivyo kwa Kirundi. Ni Kiswahili kilichotupa kitenzi kimoja cha kubebea mizigo yote. (Kitenzi chenyewe ni mtundu: nguo ikifuliwa ikapungua imerudi, na mtoto akikosea anarudiwa.)

Halafu kuna wakati. Vijana wenye hasira hapa kambini wanauimba kama "hatutarudi". Siyo hivyo. "Hatutarudi" ni tangazo la kesho, lina tarehe ndani yake hata kama haijatajwa. "Haturudi" haina tarehe. Ni tabia, kama mtu anaposema hatuli nguruwe au hatulali mchana. Wapenzi wale hawatoi tamko, wanaeleza walivyo. Na kama tungetafuta neno la kutueleza sisi wenyewe, wala lisingekuwa mojawapo kati ya hayo mawili. Lingekuwa "hatujarudi". Ile ja ndogo katikati inaacha mlango wazi, haisemi ndiyo wala hapana. Lakini jaribu kuiweka kwenye wimbo wa mapenzi uone: mpenzi, hatujarudi nyuma. Atakuuliza unangoja nini.

Kwa hiyo wanaousoma kama wimbo wa kukataa kurejea, pamoja na yule aliyetaka utolewe, nadhani wamesikia nusu ya jina wakafunga redio. Hilo halina maana kwamba wamezuliwa na shetani. Wimbo ukishatoka kwa mwenyewe, wasikilizaji wanaupeleka wanakotaka. Oliver Mtukudzi wa Zimbabwe aliimba "Wasakara", wimbo wa kumwambia mtu akubali kwamba amezeeka, na nchi nzima ikasikia anaambiwa Mugabe. Pale wasikilizaji walikuwa na haki yao, kwa sababu wimbo wote, toka mwanzo mpaka mwisho, unaweza kubeba maana ile bila kuvunjika. Mzee anayekataa kuzeeka yupo kila nyumba, na Ikulu ni nyumba. "Haturudi Nyuma" ukiujaza siasa ya kurejea, unabeba mstari wa jina tu. Yale mengine yote, kubembelezana, kuitana, kujibizana, yanabaki nje kama vyombo vya mtu aliyehamishwa usiku.

Tafsiri ya mashirika nayo inanifanya nicheke kidogo, mnisamehe. Nimekaa kwenye semina ya kuishi pamoja kwa amani ambako wimbo ulipigwa wakati wa mapumziko, na mwezeshaji akatueleza kwamba ni wimbo wa umoja: Mrundi na Mganda, Kiswahili kimoja, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi tuliingia Jumuiya mwaka 2007, kwa hiyo hesabu inaingia. Tena Kidumu mwenyewe alishajulikana kwetu kwa "Yaramenje", ule wa Kirundi ambao watu waliupokea kama wimbo wa amani, basi sikio limezoea kumtafutia amani kila anapofungua mdomo. Sikatai kwamba sauti hizo mbili zikiungana kuna kitu kinapita mipaka. Ila umoja wa kwenye wimbo ni wa watu wawili waliochaguana. Sisi wa bloku moja hatukuchaguana, tulipangwa kwa namba. Ukichukua ahadi ya wapenzi ukawapa majirani waliopangwa, unawadai kitu ambacho hawakuahidi. Na wako wengine wanaosema asiyerudi nyuma anakwenda mbele, na mbele kwa hapa kambini ni nchi ya tatu, yaani Marekani au Kanada. Hiyo ni tafsiri ya mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili, tumwombee.

Sasa nifike kwenye tafsiri iliyonifanya nikae niandike. Haikutoka kwa vijana wala kwa mwezeshaji. Ilitoka kwa mama mmoja kwenye harusi hapa kambini. Wimbo ulipoanza, yeye akiwa upande wa bibi harusi, akamwambia kijana wa muziki: huo piga baadaye, wakishaondoka wazee. Nikamuuliza kwa nini, mama, wimbo mzuri hivi? Akasema: "Mwanaume akiimba harudi nyuma anajisifu. Mwanamke akiimba anajifunga."

Fikirieni hilo. Kwetu mwanamke aliyeolewa ana njia yake ya kurudi. Mambo yakizidi nyumbani kwa mume, anafunga nguo zake anakwenda kwa baba yake. Kwa Kirundi tunaita kwahukana. Mara nyingi siyo talaka. Ni kusema: njooni mzungumze, mume aje na wazee wake, aeleze. Mwanamke yule alikuwa na nyuma, na nyuma yake ndiyo ilimpa nguvu mbele. Hata kama hajawahi kuitumia, mume alijua ipo. Buyenzi ilikuwa ni kuvuka avenyu tatu. Milimani ilikuwa ni mwendo wa asubuhi moja.

Hapa atarudi wapi? Baba yake amebaki Burundi, au yuko kambi nyingine, au amefariki. Kadi ya chakula inasoma jina la mume, na kuitenganisha ni foleni ya ofisi mbili na maswali ya aibu mbele ya watu wasiojua hata jina la mama yako. Nyuma imefutwa. Kwa hiyo bibi harusi wa hapa akiimba haturudi nyuma, haahidi kitu. Anataja hali yake. Ahadi inakuwa ahadi pale mtu anapoweza kuivunja. Wimbo ule ule, maneno yale yale, Bujumbura ulikuwa zawadi ambayo mwanamke anampa mumewe, na hapa unaweza kuwa kufuli.

Hii ndiyo tafsiri ninayoiona ina uzito kuliko zote, na sababu siyo huruma tu. Inaushika wimbo mzima. Inauliza nani anaimba, nani anajibu, na kila mmoja ana nini cha kupoteza. Ule upande wa Juliana, ambao wengi wetu tunauona kama pambo la sauti tamu, ndipo wimbo unapoamuliwa: mwanaume ameshasema lake, sasa tunangoja kama mwanamke atakubali. Anapokubali ndipo ile "tu" ya kwenye haturudi inapopata watu wawili. Kabla ya hapo ni mwanaume mmoja anayesema kwa niaba ya wawili, na hao tunawajua.

Yule mama hakusema wimbo ufungiwe. Alisema upigwe baadaye. Nilimwona mwenyewe akiucheza saa tatu usiku, viatu mkononi.

Kwa wale wa ofisi, ombi langu ni dogo: rudisheni wimbo kwenye ratiba. Mgeni atakayetoka Dar es Salaam au Geneva akadhani kambi imetangaza msimamo, mkalimani atamweleza kwa dakika moja tofauti ya nyuma na nyumbani, na pengine atajifunza zaidi kuliko kwenye hotuba. Kwa vijana nina neno gumu kidogo. Nimewasikiliza mkifanya mazoezi. Mko wavulana watano, na sehemu ya Juliana mnaiimba wenyewe kwa sauti nyembamba, watu wanacheka. Mkifanya hivyo siku yenyewe, mtakuwa mmeimba wimbo mwingine, ambao wanaume wanaulizana na kujijibu. Pale zoni ya pili kuna wasichana wa kwaya wanaoweza sehemu ile vizuri sana. Waulizeni kwanza kama wanataka kuiimba.