Tippu Tip na herufi nne

Jibu la haraka juu ya aina ya tabia ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ni ENTJ: jemadari, mpangaji, mtu wa kutazama mbali. Alitoka Zanzibar kijana wa biashara ya mkopo, akafika hadi mto Lualaba, akaifanya Kasongo kuwa makao yake, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akamfanya wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Mtu wa namna hiyo, tunaambiwa, lazima alikuwa na ramani kichwani. Mimi sikubali, na sababu zangu zimo katika maelezo yake mwenyewe.

Kwanza njia ya kupima. Carl Jung, katika kitabu chake cha 1921, aliigawa akili katika kazi nne: kufikiri, kupima kwa moyo, kupokea kwa milango ya fahamu, na kung'amua yasiyoonekana bado. Kila moja huweza kuelekea nje, kwenye watu na mambo, au kuelekea ndani. Herufi nne, kama hizo za ENTJ, zilikuja baadaye, kwa mikono ya Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers. Wanasaikolojia wengi wa vyuo vikuu hawavithamini vipimo hivi, kwa kuwa mtu yule yule akipimwa tena baada ya wiki chache mara nyingi hutoka na herufi nyingine. Hata hivyo, ukisoma maisha yaliyoandikwa, njia hii ina faida: inakulazimisha kuuliza mtu aliamuaje, wakati wasifu wa kawaida hutosheka na alilofanya.

Na maisha ya Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yameandikwa, kwa Kiswahili chake. Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa Zanzibar, ndiye aliyemwomba, na maelezo hayo yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903.

Tazama kisa cha Utetela. Hamed anasimulia kwamba alipata habari za chifu mzee, Kasongo Rushie, ambaye ndugu zake wa kike walitekwa vitani zamani na kupelekwa mbali. Akayashika majina, akashika habari za ukoo, kisha akajitokeza kama uzao wa mmoja wao, damu iliyorudi nyumbani. Mzee akaamini na kumkabidhi utawala. Anayetafuta mpangaji ataona hapa mpango mkubwa. Lakini hila hiyo haikutoka naye pwani. Aliisikia njiani, akaona mlango uko wazi, akaingia. Hiyo ni kazi ya mtu ambaye milango yake ya fahamu imeelekea nje, akiwa na fikra baridi ya ndani inayopanga hoja upesi. Kwa herufi, ESTP.

Kisa cha pili kinanishawishi zaidi. Mwishoni mwa 1886 alirudi Zanzibar akamkuta Seyyid Barghash amechoka. Sultani alimweleza kwamba bara hana tena haja nalo, maana hata kisiwa chenyewe Wazungu wanakitaka. Hamed anasema ndipo alipojua kwamba mambo yamekwisha. Ndipo! Mtu wa kung'amua angejigamba kwamba aliyaona yakija, hasa akisimulia baada ya miaka zaidi ya kumi, wakati kila mtu amekuwa na hekima. Yeye anakiri kwamba aliambiwa. Februari 1887 alikuwa ameshatia saini mkataba wa Leopold.

Mahali ambapo wachambuzi huteleza ni moyo. Akieleza ushindi wake juu ya chifu Nsama, mwaka 1867, Hamed anataja pembe frasila 1,950 na shaba frasila 700, na mateka wamo katika hesabu hiyo hiyo. Ni rahisi kuandika pembeni: kazi ya moyo haipo. Ningekuwa mwangalifu. Soma Safari za Wasuaheli, alizozikusanya Carl Velten na kuzichapisha mwaka 1901, na utakuta ukavu huo huo: manzili, hongo, bei, nani kafa, kesho yake tukaondoka. Ndivyo habari za safari zilivyosimuliwa. Ukimya huo ni wa mtindo kabla haujawa wa mtu. Na hata tungejua herufi zake zote, hazingepunguza kitu katika hesabu ya waliotekwa.

Mashahidi wa nje nao wana yao. Stanley, msafiri aliyehitaji ulinzi wake mwaka 1876, alimchora katika kitabu cha safari hiyo kama mtu mwenye nguvu na adabu za kisultani. Baada ya wapagazi 600, ambao Hamed alikiahidi kikosi cha nyuma cha safari ya Stanley ya kumwokoa Emin Pasha, kutopatikana kama ilivyotarajiwa, katika kitabu cha 1890 amekuwa mhaini. Kilichogeuka kati ya vitabu hivyo viwili ni haja ya Stanley.

Kasongo nayo huletwa mahakamani kama ushahidi. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia na jeshi la Leopold chini ya kamanda Dhanis, lililouteka mji Aprili 22, 1893, alistaajabia mashamba ya mpunga na miwa, michungwa, mapera na mananasi. Kumbe mpangaji! Lakini mashamba yale yalilimwa na maelfu, wengi wao watumwa, na Sefu, mwana wa Hamed, ndiye aliyekuwa akishika mji. Tabia ya mtu mmoja haisomeki kwenye jasho la wengine.

Inabaki hoja kubwa ya upande wa ENTJ: vita na dola ya Leopold vilipozuka 1892 Hamed alikuwa salama Zanzibar, huku Sefu akipigana na kufa. Aliona mbali, wanasema. Tarehe zinakataa. Aliondoka bara mwaka 1890 kwa sababu alikuwa ameshtakiwa Zanzibar kwa habari ile ile ya wapagazi, na alifika pwani 1891. Kilichomtoa Kasongo ni kesi.