Steringi Hafi: Kanuni ya Watazamaji wa Mbotela na Suala la Kupendekeza Filamu

Utangulizi

Mtu anapompendekezea mwenziwe filamu huwa anafanya kazi ya uhakiki, hata kama mwenyewe haiiti hivyo. Huwa amekwisha kuteua, amelinganisha na ametoa hukumu. Lililobaki ni kuitetea hukumu yake mbele ya mtu atakayepoteza muda na fedha iwapo hukumu hiyo ni mbovu. Hata hivyo, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, waliozama katika riwaya, ushairi na tamthilia, wameigusa filamu kwa nadra, ilhali filamu ndiyo masimulizi yanayowafikia wakazi wengi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi kuliko riwaya yoyote.

Makala haya yanachunguza kanuni moja inayotumiwa na watazamaji wa mitaa hiyo, Mbotela ikiwa mfano: kanuni isemayo kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Kanuni hii itapimwa kwa filamu nne. Kutokana na kipimo hicho yatatolewa mapendekezo kuhusu filamu ipi itazamwe katika jumba la sinema, ipi nyumbani, na ipi haijapata bado ukumbi unaoistahili.

Ukumbi na Hadhira

Mbotela ni mtaa uliojengwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na Makongeni na Kaloleni. Unabeba jina la Tom Mbotela, kiongozi aliyeuawa mwaka 1952, mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa (1934). Nyumba zake ni ndogo. Chumba cha kulia ndicho cha kulala, na runinga ikiwashwa hakuna anayeweza kujitenga nayo. Kutazama filamu nyumbani katika mazingira kama hayo si jambo la faragha. Ni jambo la jamaa, watoto wa jirani, na mgeni aliyekuja kuazima kibiriti akakaa.

Majumba ya sinema, kwa upande mwingine, yalikuwa safari. Mkazi wa Mbotela alipanda gari hadi katikati ya jiji, au akavuka hadi Ngara kwenye jumba la Shan lililosifika kwa filamu za Kihindi. Mengi ya majumba hayo hayaonyeshi filamu tena. Shan imekuwa ukumbi wa sarakasi na maonyesho. Odeon imebaki katika vinywa vya makondakta kama kituo cha matatu, na Belle Vue, uliokuwa uwanja wa kutazama filamu mtu akiwa ndani ya gari lake, imebaki kuwa jina la mahali kwenye Barabara ya Mombasa. Majumba mengi yaliyosalia yamo ndani ya maduka makubwa, na mtu hulipia tiketi na nauli kwa pamoja.

Baina ya nyumba na jumba la sinema kulizuka ukumbi wa tatu, nao ni kibanda cha video: chumba chenye mabenchi, runinga moja, pazia zito mlangoni na kiingilio cha sarafu chache. Humo ndimo kizazi kizima cha mitaa ya Barabara ya Jogoo kilimojifunzia kutazama filamu. Aidha, humo ndimo alimoshamiri msimulizi wa filamu, ambaye nchini Kenya mfano wake mashuhuri ni DJ Afro. Yeye huzungumza juu ya sauti ya filamu ya kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akiwapa wahusika majina mapya na kuwakejeli maadui. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kampala ina wasimulizi wake kwa Kiganda.

Baadhi ya watu humlaumu msimulizi huyu kwamba anaiharibu kazi ya mwingine. Lawama hiyo ina uzito katika suala la haki za watunzi, lakini katika suala la sanaa haitoshi. Katika fasihi simulizi hakuna anayemlaumu fanani kwa kuibadili ngano alipoitamba mbele ya hadhira mpya, kwani kubadili ndiko kuitamba. Msimulizi wa kibandani ni fanani aliyepewa picha badala ya kumbukumbu.

Kanuni na Asili Yake

Kanuni ya steringi imezaliwa katika kibanda hiki. Mtoto anayeingia filamu ikiwa imefika katikati huuliza kwanza, "Steringi ni nani?" Akishaonyeshwa hutulia, kwa kuwa anajua kwamba risasi zitamkosa huyo na kuwapata wengine. Ni rahisi kuidharau kanuni hii kama ya kitoto. Hata hivyo inafanana na kanuni ya ngano: msikilizaji wa hekaya za Sungura haulizi kama Sungura atanusurika, bali atanusurika vipi. Raha yake imo katika njia, si katika mwisho.

Lakini fasihi ya Kiswahili ina shujaa mwingine anayeitatiza kanuni hiyo, naye ni Fumo Liyongo. Katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anajikokota hadi karibu na kisima, anapiga goti, anatia mshale katika upinde na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanakiogopa kisima siku kadhaa kwa sababu wanamwona yu hai. Steringi amekufa, lakini taswira yake inaendelea kupigana. Mfano huu unafaa kukumbukwa katika kuzitathmini filamu zifuatazo.

Filamu Nne

Ya kwanza ni Enter the Dragon, iliyoongozwa na Robert Clouse. Bruce Lee, steringi wa masteringi kwa watazamaji wa vibandani, alifariki tarehe 20 Julai 1973, na filamu hii ikaanza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti mwaka huo huo. Kwa hiyo, watazamaji waliomwona Lee akimsaka Han katika chumba cha vioo, asijue kipi ni kivuli na kipi ni adui, walikuwa wakimtazama mtu aliyekwisha kuzikwa. Ni Liyongo wa kisimani. Kisanaa, mazungumzo ya filamu hii ni machache na sababu za ugomvi ni nyepesi, jambo ambalo mhakiki wa tamthilia angelihesabu kuwa udhaifu. Lakini wepesi huo ndio unaompa fanani nafasi ya kusema. Filamu hii inapendekezwa kwa kibanda na kwa msimulizi. Anayeitazama peke yake kimyani ataona mapigano mazuri tu, na atakosa nusu ya kile ambacho wazee wa Mbotela wanakikumbuka.

Ya pili ni Sholay ya Ramesh Sippy (1975). Filamu hii inaikwepa kanuni kwa ujanja: ina masteringi wawili, Veeru na Jai, hivyo mmoja anaweza kufa bila hadithi kukosa shujaa. Kila palipokuwa na uamuzi mgumu Jai alirusha sarafu. Baada ya kifo chake Veeru anaiokota sarafu hiyo na kugundua kuwa pande zake zote mbili ni sawa. Bahati haikuhusika, Jai aliamua mwenyewe kubaki nyuma akipambana ili mwenziwe aondoke. Kifo hapa si kushindwa kwa shujaa bali ni tendo lake la mwisho, na tendo lenyewe hufahamika kwa kutazama nyuma.

Sholay inapendekezwa kwa nyumbani. Urefu wake, unaozidi saa tatu, unavumilia chai kuandaliwa na mtoto kulazwa. Muhimu zaidi, ni filamu inayonoga pale ambapo mmoja wa waliopo amekwisha kuiona. Mama aliyeitazama Shan katika ujana wake anaijua siri ya sarafu, na kila inaporushwa hunyamaza na kuwaangalia wanawe wanaoiona kwa mara ya kwanza. Jumba la sinema haliwezi kumpa mtu raha hiyo.

Ya tatu ni Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga (2012), filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kugombea tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa mashambani anayeuza kanda za filamu kwa kuwaigizia wanunuzi matukio yaliyomo. Yaani, tangu mwanzo yeye ni mpendekezaji wa filamu, na njia yake ya kupendekeza ni utambaji. Anakwenda Nairobi ili awe mwigizaji, anaporwa mara tu anapowasili, anatiwa rumande, na kupitia kwa Oti anaingia katika genge la wezi. Usiku ni mwizi. Mchana ni mwigizaji wa tamthilia.

Katika filamu hii kanuni inatimizwa, lakini kwa uchungu. Wenzake Mwas wanauawa na polisi, yeye ananusurika, na anatoka katika mauaji hayo moja kwa moja hadi jukwaani. Mtazamaji aliyezoea kushangilia steringi anapoponea chupuchupu anajikuta hana la kushangilia, kwa sababu waliokufa ni vijana aliowafahamu kwa muda wa saa nzima, si maadui wasio na majina. Udhaifu wa filamu hii umo katika usawiri wa Amina, ambaye amewekwa kati ya wanaume wawili bila ya kupewa safari yake mwenyewe. Nguvu yake imo katika tamati, pale Mwas anapoikabili hadhira ya ukumbini, watu waliokaa kwenye viti vizuri wakitazama maisha ya wezi kama mchezo. Kwa hiyo filamu hii inapendekezwa kwa jumba la sinema. Ni pale tu mtazamaji anapokuwa yeye mwenyewe amekaa gizani pamoja na wageni, baada ya kulipa kiingilio, ndipo tamati hiyo inapomwelekea. Nyumbani itamwelekea mtu mwingine.

Ya nne, na iliyo bora kuliko zote kwa hoja ya makala haya, ni Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Jo, anayeigizwa na Stycie Waweru, ni msichana wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyo na tiba. Mamaye anamtoa hospitalini ili siku zake za mwisho aziishi nyumbani. Anapenda filamu za mashujaa, na katika kijiji chake yupo Mike, mwonyeshaji wa filamu ambaye huzisimulia kama wafanyavyo wasimulizi wa vibandani. Dadake, Mwix, anawashawishi wanakijiji waigize kana kwamba Jo ana nguvu za ajabu. Hatimaye kijiji kizima kinatengeneza filamu ambayo Jo ndiye steringi.

Jo anafariki kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa. Hapa kanuni inavunjwa waziwazi, tena kwa mhusika ambaye hadhira ingemtoa wa mwisho. Kisha wanakijiji wanakusanyika kuitazama kazi yao, na mtoto waliyemzika anapaa mbele yao. Filamu haidai kwamba mauti yameshindwa. Mama bado amempoteza mwanawe, na uso wa Marrianne Nungo katika nafasi ya mama hauruhusu mtu kulisahau hilo. Inachosema ni kwamba steringi hakuwa na nguvu zake peke yake. Nguvu hizo alipewa na waliokubali kuigiza naye.

Supa Modo isitazamwe wapi? Msimulizi wa kibandani hana kazi humu, maana Mike tayari yumo ndani ya hadithi. Sauti ya pili ingeifunika ya kwanza. Chumba cha Mbotela ni kidogo mno kwa filamu ambayo mwisho wake ni mkusanyiko. Jumba la dukani lina kiti, giza na sauti safi, lakini linamketisha mtu kando ya asiyemjua, na filamu hii inahitaji watu wanaojuana, waliowahi kuchangiana matanga. Ukumbi wake halisi ni ukumbi wa mtaa, kama ule wa Kaloleni ambao wakazi wa mitaa hii wamekutania kwa siasa, ngoma na harusi tangu enzi za ukoloni. Cha kusikitisha ni kwamba filamu hiyo ilianza safari yake katika tamasha la Berlin, na mitaa iliyoijua lugha yake ikaipata baadaye.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba swali la filamu ipi ni nzuri haliwezi kutenganishwa na swali la itatazamwa wapi na pamoja na nani. Enter the Dragon ni ya kibandani, Sholay ni ya nyumbani, Nairobi Half Life ni ya jumba la sinema, na Supa Modo inaungoja ukumbi wa mtaa ufunguliwe, shuka jeupe litundikwe na viti vipangwe. Jambo hilo halihitaji fedha nyingi, ila idhini ya mtunzi, mitambo ya kuazima na mtu mwenye ufunguo.

Kuhusu kanuni yenyewe, watazamaji wa Mbotela hawakukosea, ingawa wanaishi katika mtaa wenye jina la mtu aliyeuawa. Hawakusema kwamba shujaa hana mwili wa kufa. Walichosema ni kwamba atakuwepo maadamu yupo wa kumsimulia na wapo wa kusikiliza. Kanuni hiyo basi ina sharti, na sharti lenyewe ni ukumbi.