Dawa kumi za waifai inayokatika, bila kipimo hata kimoja

Umeshakutana nazo. Waifai ya nyumbani inakatika kwenye simu, unaingia mtandaoni kutafuta suluhisho, na ndani ya sekunde una orodha: njia 10 za kurekebisha waifai inayokatika, njia 7, njia 15. Nyingine ni video ya dakika nne yenye muziki mkubwa kuliko sauti ya mzungumzaji. Nyingine ni picha iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka maandishi yamefifia. Zima ruta uiwashe. Badilisha chaneli. Hamia 5 GHz. Sahau mtandao kisha ujiunge upya. Badilisha DNS. Badilisha aina ya ulinzi. Ikishindikana kabisa, ingiza pini kwenye kile kitundu cha nyuma, ruta irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Nimezisoma nyingi siku hizi, za Kiswahili na za Kiingereza, kwa sababu nitakayokueleza sasa hivi. Sitaki kuzionea. Ukichukua ushauri mmoja mmoja, mwingi una ukweli ndani yake. Shida yangu ni kwamba unapewa dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya kumi, na hakuna anayekuuliza unaumwa nini.

Ilivyotukuta

Naishi na dada yangu Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, kuta za tofali za saruji, ruta iko sebuleni juu ya kabati la TV. Dada alikuwa na usaili wa kazi kwa video, Jumatatu saa nne asubuhi. Wiki nzima kabla ya hapo simu yake ilikuwa ikikata waifai akiwa chumbani: dakika mbili ipo, sekunde kumi haipo, inarudi tena.

Jumamosi, mimi nikiwa safarini, akaamua kufuata orodha. Namba mbili ilimwambia ahamie 5 GHz maana ndiyo yenye kasi. Alikuwa huko tayari. Namba tano ilikuwa DNS; hakuna kilichobadilika. Namba tisa ilikuwa ile ya pini. Ruta ikazima, ikawaka, na tangu hapo hakuna kifaa hata kimoja kilichopata intaneti. Kumbe ndani ya ruta kulikuwa na jina la mtumiaji na paswedi alivyoingiza fundi wa kampuni siku alipokuja kutufungia, na pini ilivifuta vyote. Fundi alipatikana Jumanne. Usaili ulifanyika kwa bando la simu, likaisha katikati, akahangaika kununua jingine huku wasaili wanasubiri. Kazi hakuipata.

Siwezi kusema aliikosa kwa sababu ya waifai. Ninachoweza kusema ni kwamba orodha ilimkuta na tatizo la sekunde kumi, ikamwachia tatizo la siku tatu.

"Inakatika" ipi?

Tunaposema waifai inakatika, tunaweza kuwa tunasema mambo matatu tofauti. La kwanza: mawimbi kati ya simu na ruta yamepotea. La pili: mawimbi yapo, ila ruta imeikataa simu au haikuipa anwani. La tatu: simu na ruta zinaongea vizuri kabisa, ila ruta yenyewe haina intaneti kutoka kwa kampuni. Ukiwa na shida ya tatu, unaweza kubadilisha chaneli mpaka asubuhi na hakuna kitakachotokea.

Kutofautisha kunachukua dakika moja. Siku ikikata, usiguse kitu kwanza. Angalia alama ya waifai juu ya skrini. Imepotea? Uko kwenye la kwanza au la pili. Ipo, lakini simu inaandika kwamba imeunganishwa bila intaneti? Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta iliyo kwenye kibandiko chake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka, njia kati yako na ruta ni nzima. Tafuta shida mbele ya hapo. Halafu chukua simu ya mtu mwingine ujaribu. Simu zote zikikosa, simu yako haina kosa.

Simu yenyewe inajuaje kwamba hakuna intaneti? Android hutuma ombi dogo kwenye seva ya Google na kusubiri jibu tupu lenye namba 204. Jibu lisipofika, inahesabu kwamba hakuna intaneti, na simu nyingi hapo huhamia data ya simu kimyakimya. iPhone nazo, tangu iOS 9 ya mwaka 2015, zina kipengele cha kukimbilia data waifai inapokuwa dhaifu, na huja kikiwa kimewashwa. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba bando linaisha na wewe uko kwenye waifai, angalia kipengele hicho. Sijaiona orodha hata moja iliyotaja hili, ingawa ndilo linalomgusa msomaji wetu mfukoni.

Kulikuwa na enzi kwetu ambapo kila homa ilikuwa malaria. Unafika zahanati, unaguswa paji la uso, unaondoka na vidonge. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mgonjwa apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na leo tone la damu na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Orodha za waifai bado ziko kwenye kugusa paji la uso.

Ushauri wa 5 GHz

Huu ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu ndio uliokuwa ukimtesa dada tangu mwanzo. Ni kweli 5 GHz ina nafasi kubwa na kasi kubwa. Lakini mawimbi yake hupoteza nguvu zaidi yakipita kwenye ukuta kuliko ya 2.4 GHz, na ukuta wa saruji unayapunguza kuliko zile kuta nyembamba za mbao na jasi ambazo waandishi wengi wa asili wa orodha hizi wanaishi ndani yake. Ushauri umetafsiriwa pamoja na nyumba yake. Ndiyo maana unaambiwa usogeze ruta mbali na oveni ya maikrowevu (sababu ni ya kweli: oveni hiyo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz) wakati nyumba nyingi mtaani kwetu hazina oveni hiyo, na huambiwi chochote kuhusu tanki la maji, mabati, au kuta mbili za tofali.

Nilipofika tulipima kwa programu ya bure ya Android inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Namba ni hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Sebuleni 5 GHz ilikuwa −48. Chumbani, mlango ukifungwa, −82. Kila desibeli 10 zinazopungua maana yake nguvu imegawanywa kwa 10, kwa hiyo kuta mbili na umbali ule viliacha chini ya sehemu moja kati ya 2,000. Palepale kitandani, 2.4 GHz ilikuwa −64, namba nzuri tu. Simu ilikuwa inang'ang'ania 5 GHz, inaipoteza, inashuka 2.4 GHz, inaiona 5 GHz kwa mbali, inarudi. Kila safari ilimgharimu sekunde kadhaa.

Chaneli: nusu ya ukweli

"Badilisha chaneli" ni ushauri mzuri uliokatwa mkia. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli 13 zinazotumika sehemu nyingi duniani, zimepishana kwa MHz 5 tu, lakini kila mtandao unatumia upana wa MHz 20. Maana yake chaneli 3 inaingilia ya 1 na inaingilia ya 6. Mtu akiambiwa achague isiyo na watu, ataona 3 iko tupu, atahamia, na atakuwa amewasumbua majirani wa pande zote mbili na kujisumbua mwenyewe. Ruta mbili zilizo chaneli moja husikiana na kupokezana zamu. Zilizopishana nusu zinapigiana kelele tu. Chagua 1, 6 au 11, ile yenye mitandao michache au dhaifu zaidi, na uache upana kwenye MHz 20. Ukiweka 40 umekalia sehemu kubwa ya bendi nzima.

Upande wa 5 GHz kuna jambo jingine. Chaneli za 52 hadi 144 tunagawana na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Ruta ikisikia rada inatakiwa kuondoka kwenye chaneli hiyo, na kabla ya kuanza kutumia chaneli ya namna hiyo inatakiwa kusikiliza angalau dakika nzima. Kama vifaa vyote vya 5 GHz hupotea kwa pamoja bila sababu, jaribu chaneli ya 36 hadi 48.

Dawa zenye sumu

Mbili nazikataa. Ya kwanza ni pini, isipokuwa una karatasi yenye taarifa za kampuni mkononi. Ya pili ni kuondoa ulinzi "kwa majaribio". Simu ya zamani inaweza kweli kugoma kwenye ruta iliyowekwa WPA3 peke yake, ulinzi uliotoka 2018. Irudishe WPA2 yenye AES, basi. Usiache mtandao wazi, na usikubali WEP, ambayo udhaifu wake ulianikwa hadharani tangu 2001.

Kuna na ile ya kuorodhesha simu zinazoruhusiwa. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu huweza kujitambulisha kwa ruta kwa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Kama ruta yako ina orodha ya wanaoruhusiwa, simu mpya itafukuzwa mlangoni na utadhani ni mawimbi.

Zinapostahili sifa

Kuzima na kuwasha ruta ni ushauri wa haki. Ruta ni kompyuta ndogo. Kumbukumbu hujaa, programu hukwama, na nyingi huchagua chaneli upya zinapowaka. Lakini hapohapo kuna mtego: umeme ukirudi mtaani, ruta zote zinawaka na kuchagua kwa wakati mmoja, kila moja ikidhani iko peke yake. Ukiona waifai inakuwa mbaya kila baada ya umeme kukatika, iwekee chaneli mwenyewe.

Nao ushauri wa kuinua ruta juu, katikati ya nyumba, ni bora kuliko mipangilio yote, ila kwa kuwa hauna ufundi wa kuonyesha kwenye video, huwekwa mwishoni.

Kama ningeandika orodha yangu ingekuwa fupi. Siku moja ya daftari: imekata saa ngapi, chumba gani, simu ngapi, alama ilikuwaje. Ikikata kila baada ya saa moja kamili, kwa mfano, chungulia muda wa kubadilisha ufunguo wa kundi kwenye ruta. Mara nyingi umewekwa sekunde 3,600, na simu iliyolala inaweza kukosa ufunguo mpya ikatolewa nje. Kisha piga picha ukurasa wa mipangilio kabla ya kugusa. Badilisha kitu kimoja. Subiri siku. Kisiposaidia, kirudishe.

Sisi tulibadilisha viwili, kwa siku mbili. Tuliipa 5 GHz jina lake na 2.4 GHz jina lake, tukaifanya simu ya dada isahau ya kwanza. Kesho yake tukaihamisha 2.4 GHz kutoka chaneli 6, iliyokuwa na majirani saba, kwenda 1. Chumbani hakujakata tena. Dada ana usaili mwingine mwezi ujao, na tayari amebandika karatasi nyuma ya ruta, juu ya kile kitundu: usiguse.