Ordinatere inafika, mwalimu anabaki pale pale

Wenzangu, kila mara mukubwa mumoja anaposema «shule ya kidijitali», hapa ku page yetu watu wanapiga makofi. Mimi leo nitapinga kidogo. Sipingi ordinatere. Ninapinga namna serikali inapanga feza yake.

Nianze na kile nilichokiona. Kisha kupata lisanse ya agronomia nilikaa bila kazi, nikaenda kufundisha biolojia mu shule moja ya serikali, mbali na muji. Prefe akaniongezea saa za informatike, juu mimi njo nilikuwa kijana na nilikuwa na ordinatere ndogo niliyoandikia memware yangu. Wanafunzi 58, umeme hakuna. Nilichora klavie ku tablo na chaki, herufi kwa herufi, nao wakaikopia mu kaye. Ku mutihani niliuliza ni kibonyezo gani kinafuta neno. Walijibu vizuri sana. Karibu wote hawajakuwa wamegusa hata kimoja.

Mwaka wa pili, ordinatere kumi zilifika kupitia proje fulani. Picha zikapigwa. Jioni ile ile zikafungiwa mu biro ya prefe, na niliondoka ile shule zikiwa pale mu kartoni. Wazazi walimusema prefe vibaya, eti anazichunga juu ya kuuzisha. Hapana. Yule baba alikuwa anafikiri vizuri kuliko waliozileta: umeme haiko, madirisha haina vyuma, mwalimu aliyefundishwa kuzitumia hayuko, na yeye njo aliweka sinyatire. Moja ikipotea, nani anakamatwa?

Hapo njo lawama yangu inaanzia. Mashini inahesabika, inapigwa picha, inakatiwa utepe. Mafunzo ya mwalimu hayana picha. Yanaomba feza kila mwaka, na matunda yake yanaonekana kisha miaka, pengine wakati waziri mwengine iko mu kiti.

Katiba yetu ya 2006, katika artikle 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Tulingoja hadi Septemba 2019 juu ianze kufanyika kweli. Mu 2020 Banki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 za kusaidia huo mupango. Kazi ya haraka ilikuwa kulipa walimu ambao zamani waliishi na feza ya wazazi, na hapo sina ubishi, mwalimu mwenye njaa hafundishi. Lakini kumulipa mwalimu na kumufundisha ni mambo mbili, na hii ya pili tunaisahau kila mara.

Munajua mwalimu wetu wa primere anatoka wapi: anamaliza humanite pedagojike, anapata diploma ya Serikali akiwa bado kijana sana, anapewa darasa la watoto 70 ao 80. Kisha pale, msaada wake ni wenzake wa mashule ya jirani wakikutana, na inspektere wa kuzungukia mashule, ambaye mara nyingi hana pikipiki, na akiwa nayo hana esansi. Ku sekondere programu mpya ya sayansi ya mwaka wa 7 na wa 8 imeweka fizikia, teknolojia na TIC pamoja. Ni wazo zuri. Lakini mwalimu aliyesoma fizikia peke yake anafanya nini siku saa ya TIC inafika? Anachora klavie, kama mimi. (Na tuseme ukweli, wengi kati yetu tunaingia mu darasa bila agregasio. Mimi pia.)

Sisi wa agronomia tunaujua huu ugonjwa. Bukanga-Lonzo ilifunguliwa mu 2014 na matrakta, mapivo ya kumwangilia na maneno mengi. Mu 2017 kazi ilikuwa imesimama. Mukulima unamupa mbegu bora bila munyampara wa kumufuata shambani, anaipanda kama ile ya zamani, mavuno yanakuwa yale yale, halafu tunasema mukulima ni mujinga.

Mutaniambia: mbona Rwanda na Kenya? Rwanda ilianza kugawia watoto ordinatere ndogo toka 2008. Kenya ilitoa ahadi mu 2013, ikakawia hadi 2016, na kati ya hapo ilipeleka umeme ku mashule ya msingi zaidi ya 20,000. Kama tunaiga, tuige ile kukawia! Tusome na Peru, iliyogawia watoto ordinatere kwa mamia ya maelfu. Mu 2012 Banki ya Maendeleo ya Inter-Amerika ilitangaza utafiti uliofanywa ku mashule 319: kisha miezi 15, watoto waliozipata hawakupita wenzao ku hesabu wala ku kusoma. Mashini zilikuwa zinatumika. Lakini namna ya kufundisha haikubadilika.

Wengine wanasema mwalimu wa kijijini hawezi kufikiwa. Kati ya 2020 na 2022 serikali ilifikia telefone zetu bila shida, juu ya kukata unite za RAM. Njia ile ile ingefikisha somo ku telefone ya mwalimu. Feza kidogo ya kuanzia ningeiweka hapo, na mu pikipiki ya inspektere, na mu sahani za jua ku shule moja tu kati ya zile zinazokutana, pale walimu wote wa jirani wanaweza kuketi siku ya mapumziko na kujaribu mashini wao kwanza, wakikosea bila watoto kuwacheka.

Juzi nilimupigia prefe wangu wa zamani. Kartoni zingali mu biro, mbili panya wamezitoboa. Hakuniomba umeme. Aliniuliza kama ninaweza kwenda siku tatu kuonyesha walimu wake namna ya kuwasha, kuandika, na kutengeneza pwan za wanafunzi. Grupe ataomba ku paruasi, na chakula mama yake atapika. Nimekubali, kisha mavuno ya maharagi. Kama kuko mwenye anaweza kunisindikiza, aandike hapa chini.