Mji Mmoja, Majina Manne: Tahakiki ya East West Street ya Philippe Sands

Utangulizi

Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu aliwahi kutuletea zoezi la tafsiri ambamo mji mmoja ulikuwa na majina mawili. Katika aya ya kwanza aliuita Lwów, na katika aya ya tatu akauita Lviv. Tulipiga mstari mwekundu, tukampunguzia alama mbili na kuandika pembeni: "Chagua jina moja." Hakubishana. Alirudi baada ya siku mbili akasema kwa adabu: "Mwalimu, nimefuata matini. Katika aya ya kwanza mji uko Polandi, katika ya tatu uko Ukraini. Na mji wenyewe haukuhama." Alama zake tulimrudishia, ila swali lake lilitubakia. Ndilo lililotufanya tukisome upya kitabu East West Street cha mwanasheria Philippe Sands, kilichotoka mwaka 2016 na kupata Tuzo ya Baillie Gifford mwaka huohuo.

Huenda msomaji akauliza: kitabu cha Kiingereza kuhusu mji wa Ulaya kinatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kila mfasiri hukutana na majina ya mahali, na vitabu vyetu vya kiada vina machache ya kusema juu yake. Pili, watu kutoka upande ule wa Polandi waliwahi kuishi hapahapa Uganda. Tutawarejea mwishoni.

Historia fupi ya mji

Mji huu ulianzishwa katikati ya karne ya 13 na Mfalme Danylo, na ukaitwa kwa jina la mwanawe, Lev, yaani Simba. Katika maandishi unatajwa tangu mwaka 1256. Mwaka 1349 ulichukuliwa na Mfalme Kazimierz wa Polandi, na kwa zaidi ya karne nne ukawa Lwów. Mwaka 1772 Polandi ilipogawanywa na majirani zake, mji uliangukia mikononi mwa Austria, ukawa Lemberg, makao makuu ya jimbo la Galicia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waukraini na Wapolandi waliupigania mitaa kwa mitaa. Wapolandi walishinda Novemba 1918, na jina Lwów likawa tena jina la serikali. Septemba 1939 waliingia Wasovieti, nao wakauita Lvov kwa Kirusi. Mwishoni mwa Juni 1941 waliingia Wajerumani, ukawa Lemberg tena. Julai 1944 Wasovieti walirudi, na mji ukawekwa katika Ukraini ya Kisovieti. Tangu 1991 ni Lviv wa Ukraini huru.

Mwanafunzi wa isimu aone kwamba haya si majina manne ya asili tofauti. Ni jina moja la simba, lililopita katika vinywa vinne. Hata Kilatini kina lake, Leopolis, ambalo lisichanganywe na Léopoldville ya Kongo: lile ni mji wa simba, hili lilikuwa mji wa Mfalme Leopold.

Kilichobadilika zaidi ya jina ni watu. Kabla ya vita, takribani nusu ya wakazi walikuwa Wapolandi, karibu theluthi Wayahudi, na Waukraini walikuwa kama sehemu moja ya sita. Karibu Wayahudi wote waliuawa na Wanazi. Wapolandi wengi walihamishiwa magharibi baada ya vita, baadhi yao Wrocław, mji ambao nao ulikuwa wa Wajerumani kwa jina la Breslau. Ukuta ulibaki, mwenye nyumba akabadilika.

Muhtasari wa kitabu

Mwaka 2010 Sands alialikwa kutoa mhadhara katika chuo kikuu cha Lviv. Huko akagundua kwamba wanasheria wawili waliobadilisha sheria ya kimataifa walisoma katika chuo hichohicho. Hersch Lauterpacht, aliyezaliwa mwaka 1897 katika mji mdogo wa Żółkiew jirani na Lwów, alisaidia kuingiza dhana ya uhalifu dhidi ya ubinadamu katika kesi ya Nuremberg. Rafael Lemkin, aliyezaliwa mwaka 1900, ndiye aliyebuni mwaka 1944 neno tunalolifasiri kama mauaji ya kimbari. Lauterpacht alitaka sheria imlinde mtu mmoja mmoja; Lemkin alitaka ilinde kundi. Pamoja nao yumo babu wa mwandishi, Leon Buchholz, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1904, na Hans Frank, gavana wa Kinazi aliyehutubia humo Agosti 1942 na kunyongwa Nuremberg mwaka 1946.

Ukanda wetu unaufahamu urithi wa watu hao wawili. Septemba 1998 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia Jean-Paul Akayesu hatiani kwa mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo.

Dosari: kanuni ya mwenye nguvu

Mwanzoni mwa kitabu Sands anaeleza jinsi atakavyouita mji. Anasema mji ulibadilisha mikono mara nane kati ya 1914 na 1945, hivyo atatumia jina lililotumiwa na wale waliokuwa wakiutawala wakati anaousimulia. Ni kanuni nyoofu, na msomaji hapotei. Tunamshukuru kwa kuitaja wazi. Wengi huchagua jina kimyakimya. Hata hivyo tunaona ina matatizo matatu.

Kwanza, inachukulia kwamba mtawala ana lugha moja. Chini ya Austria, tangu miaka ya mwisho ya 1860, utawala wa Galicia uliendeshwa kwa Kipolandi. Karani wa serikali ya Vienna aliandika Lwów. Je, hapo mji ni Lemberg au Lwów?

Pili, inawafuta wasiotawala. Waukraini waliuita Lviv wakati wa Austria na wakati wa Polandi, lakini kwa kanuni hii jina lao linangoja zamu. Wayahudi, theluthi ya mji, walisema Lemberik kwa Kiyidi. Hawakuwahi kuutawala, kwa hiyo zamu yao haifiki kamwe. Na ndio hao ambao kitabu kinaomboleza kifo chao.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kanuni inapingana na dhamira ya kitabu. Lauterpacht na Lemkin walipigana na wazo kwamba dola ina haki ya kuwatendea watu wake itakavyo. Mmoja alisema kuna mtu nyuma ya raia, mwingine akasema kuna kundi nyuma ya dola. Kitabu kinachowasifu hao wawili kinampa mwenye bunduki haki ya kutaja. Mwaka 1941 aliyeshika mji ni Mnazi, na sisi wasomaji tunasema Lemberg pamoja naye.

Uzuri: jina la kitabu

Hata hivyo kitabu ni kizuri kuliko kanuni yake, na jibu limo katika jina lake. Babamkwe wa Leon na ndugu wengine tuwaache. Anayetuhusu hapa ni mama yake Leon, Malke, aliyetoka Żółkiew na kuuawa Treblinka mwaka 1942. Familia yake na ya Lauterpacht ziliishi katika barabara moja iliyokata mji kutoka mashariki hadi magharibi. Sands aliazima maelezo ya mwandishi Joseph Roth kuhusu miji midogo ya Wayahudi yenye barabara mbili, moja ya kaskazini-kusini, nyingine ya mashariki-magharibi, akakiita kitabu kwa barabara hiyo.

Tuuangalie mji huo mdogo. Uliitwa Żółkiew kwa heshima ya jemadari wa Kipolandi, Stanisław Żółkiewski. Mwaka 1951 Wasovieti waliubatiza Nesterov, jina la rubani Mrusi aliyekufa karibu na hapo mwaka 1914 kwa kuigonga ndege ya Austria angani. Mwaka 1992 ukarudia jina la kale kwa matamshi ya Kiukraini: Zhovkva. Hapa kuna tofauti ambayo wanafunzi waishike. Lwów na Lviv ni jina moja kwa matamshi mawili, lakini Nesterov ni jina lililopachikwa, kama Stanleyville ilivyopachikwa juu ya Kisangani. Na katika mabadiliko yote hayo, mashariki ilibaki mashariki. Jina la kitabu halikuomba ruhusa ya mtawala yeyote.

Funzo kwa mfasiri

Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, msimulizi wa leo atumie jina la leo, Lviv, na ataje majina mengine mara ya kwanza. Pili, mhusika anaposema, aachiwe jina lake: Mpolandi aseme Lwów, Myahudi aseme Lemberik. Tatu, nyaraka zinukuliwe kama zilivyo. Kwa njia hii majina mawili ndani ya matini moja si kosa. Ni ushahidi wa nani anazungumza, na mwanafunzi wetu aliliona hilo kabla yetu.

Kiswahili kina msaada wake hapa. Tuna neno "kwao", ambalo halimtaji mtawala wala mpaka. Linamtaja mwenye kwao.

Hitimisho

Tuliahidi kurejea Uganda. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu watu wengi kutoka mashariki ya Polandi ya wakati huo, Lwów ikiwemo, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Maelfu walitoka huko kupitia Iran, na kuanzia 1942 wakafikishwa Afrika Mashariki: Tengeru karibu na Arusha, na kwetu Koja na Masindi. Kanisa walilolijenga Nyabyeya, Masindi, lingali limesimama, na makaburi yao yako karibu. Vita vilipokwisha, mpaka ulikuwa umesogezwa, na miji yao haikuwa tena Polandi. Wengi hawakurudi.

Mtoto wa Lwów aliyekulia Masindi, akiulizwa na jirani "Kwenu wapi?", angejibu jina ambalo ramani mpya haikuwa nalo. Kwa kanuni ya Sands, jibu lake lingekuwa limepitwa na wakati. Kwa kanuni ya mwanafunzi wetu, lingekuwa sahihi, na mfasiri angeliandika hivyohivyo.

Kitabu tunakipendekeza kwa walimu na wanafunzi wote wa tafsiri, hasa kile kidokezo cha mwanzo kuhusu majina. Wengi hukiruka. Kisomwe kwanza, kisha kijadiliwe darasani.